Nepi za Vitambaa: Dumu Moja la Maji, Mtoto Mkavu, Familia Salama

Safari hii tunazungumzia kazi inayofanyika kila siku karibu katika kila nyumba yenye mtoto mdogo hapa Dzaleka, lakini ambayo watu hawapendi kuizungumzia: kufua nepi. Wengine wetu tunaita nepi, wengine winda, waliotoka Kongo husema kushe, na majirani zetu Wamalawi husema matewera. Jina ni lolote, kazi ni ile ile.

Makala haya si ya akina mama peke yao. Baba, dada, kaka, bibi na yeyote anayebaki na mtoto nyumbani anapaswa kuyasoma, au kusomewa.

Kwa nini tunasisitiza jambo hili?

Watu wengi wanaamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, kwa kuwa mtoto ananyonya tu. Si kweli. Kinyesi cha mtoto kinaweza kubeba vijidudu vya kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo na polio sawa na kinyesi cha mtu mzima. Tofauti ni kwamba mtu mzima huenda chooni, lakini cha mtoto hubaki kwenye nepi, na nepi hushikwa kwa mikono. Mikono hiyo hiyo ndiyo inayosonga ugali, inayochota maji na inayomlisha mtoto mkubwa.

Tusisahau yaliyotokea karibuni. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa hapa Malawi mwezi Machi 2022 uliendelea hadi 2023. Ulifika katika wilaya zote 29, Dowa ikiwemo. Watu zaidi ya 58,000 waliugua na zaidi ya 1,700 walifariki. Ugonjwa huo husafiri kutoka kwenye kinyesi hadi mdomoni, kwa njia ya maji, chakula na mikono. Nepi iliyosuuzwa kando ya kisima ni moja ya njia hizo.

Tunajua tatizo lenu. Maji yana foleni, sabuni haitoshi na kuni ni ghali. Kwa hiyo hatutakuambia uchemshe kila nepi kila siku. Tutakuonyesha namna ya kufua nepi za siku nzima kwa dumu moja la lita 20, kwa kufuata mpangilio. Ukivuruga mpangilio, hata madumu matatu hayatatosha.

Unahitaji nepi ngapi, na za kitambaa gani?

Mwongozo wa kimataifa wa misaada uitwao Sphere, katika matoleo yake ya 2004 na 2011, ulitaja nepi 12 zinazofulika kwa kila mtoto hadi miaka miwili, pale ambapo jamii imezoea kutumia nepi. Hiyo si ahadi ya mgao, bali ni kipimo kizuri cha kujipangia. Ukiwa na 12, nane zinatumika na nne zinakauka. Ukiwa nazo sita tu, itabidi ufue mara mbili kwa siku.

Si lazima ununue. Shuka kuukuu la pamba, fulana zilizochakaa au kitenge cha pamba kilicholainika vinafaa sana. Kata vipande vya mraba, upande mmoja kama sentimita 70, kisha pinda kingo zisichanike. Jaribu kitambaa kwa kudondosha maji juu yake: yakinywewa haraka, kinafaa, yakiteleza, ni nailoni au poliesta, hakifai. Kitambaa kipya kifue mara mbili au tatu kabla ya kukitumia, maana kikiwa kipya hakinyonyi maji vizuri.

Funga kwa kufundo pembeni mwa kiuno badala ya pini, kwa sababu pini ikifunguka inamchoma mtoto. Usimfunge mtoto mfuko wa plastiki juu ya nepi ili isivuje. Plastiki huzuia hewa na kuunguza ngozi, na mfuko ukimfika usoni unaweza kumziba pumzi.

Kwa mtoto aliyezaliwa leo au jana, tandika kipande kidogo cha kitambaa chakavu ndani ya nepi. Choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi na kinanata kama lami, hakitoki kirahisi. Kipande hicho unakitupa chooni au unakifukia, na nepi yako inabaki nzuri.

Hatua saba za kufua

1. Ondoa kinyesi kwanza. Kung'uta au kwangua kinyesi na kukitupa ndani ya choo, kisha funika tundu. Usikitupe kwenye majani, kwenye mfereji wala kwenye shimo la taka. Tenga kijiti au kipande cha kigae kwa kazi hiyo tu, na kihifadhi mbali na watoto.

2. Weka nepi chafu kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Wengi hulowesha nepi kutwa nzima ndani ya ndoo ya maji. Tafadhali acha tabia hiyo. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama katika ndoo yenye maji ya kina kidogo tu, tena bila kupiga kelele. Ndoo kavu yenye mfuniko inazuia inzi na inaokoa maji. Nepi zisikae humo zaidi ya siku moja, kwani mkojo uliolala hutoa ile harufu kali inayowasha macho, na hiyo hiyo huunguza ngozi ya mtoto.

3. Suuza kwa maji ya baridi, lita 4. Anza na maji ya baridi, si ya moto. Maji ya moto hugandisha uchafu kwenye kitambaa na doa halitoki tena. Suuza nepi za mkojo kwanza, za kinyesi mwisho. Kamua vizuri.

4. Fua kwa sabuni, lita 6. Hapa maji ya vuguvugu au ya moto ndiyo mazuri, ukiwa nayo. Paka sabuni ya kipande moja kwa moja kwenye sehemu yenye doa, sugua kitambaa kwa kitambaa, kisha fikicha nepi nzima. Sabuni nyingi haisaidii, inakula maji ya kusuuzia tu. Hapa pia anza na za mkojo, umalize na za kinyesi.

5. Suuza mara mbili, lita 5 na lita 5. Usiruke hatua hii hata kama umechoka. Sabuni inayobaki kwenye nepi ni moja ya sababu za upele, na pia hukifanya kitambaa kishindwe kunyonya mkojo. Maji ya mwisho yakiwa bado meupe, hayo ndiyo utakayotumia kusuuzia ndoo na beseni.

6. Mwaga maji machafu mahali pake. Maji yote ya nepi yamwagwe chooni au kwenye shimo la kunyonya maji machafu. Yasimwagwe kwenye bustani ya mboga, wala njiani wanapocheza watoto. Na hapa tunaomba sana: usifue nepi kwenye sakafu ya kisima wala karibu na bomba. Chota maji, ondoka nayo, kafulie nyumbani. Ukimwona jirani anafulia kisimani, mwambie kwa upole. Maji yale unakunywa wewe pia.

7. Nawa mikono kwa sabuni. Nawa baada ya kumbadilisha mtoto, baada ya kufua, na kabla ya kushika chakula au kunyonyesha. Mnawishe na mtoto mwenyewe, kwani naye hujishika. Sabuni ikikosekana kabisa, sugua kwa majivu safi na maji. Beseni la nepi liwe la nepi tu. Usilitumie kuoshea vyombo au kukandia unga.

Jumla ni lita 20 kwa nepi nane. Ikiwa nyumbani kuna mapacha, tenga madumu mawili.

Jua ni dawa ya bure

Anika nepi kwenye kamba, juu, mahali penye jua kali. Jua na ukavu huua vijidudu vingi na hung'arisha madoa yaliyogoma. Tandaza nepi kila moja peke yake, usizikunje juu ya kamba. Usizianike chini kwenye udongo, juu ya nyasi, kwenye ua wa miti wala kivulini.

Kuna sababu kubwa ya onyo hilo. Yupo inzi mmoja wa Afrika, rangi ya manjano iliyoelekea kahawia, anayependa kutaga mayai kwenye udongo wenye harufu ya mkojo na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi tatu. Funza anayetoka ni mdogo sana, humwoni, na anaweza kusubiri kwenye kitambaa zaidi ya wiki moja. Mtoto akivalishwa nepi hiyo, joto la mwili linamwamsha funza, naye anaingia kwenye ngozi. Baada ya siku chache unaona kitu kama jipu, chenye tundu dogo katikati, mtoto analia na hawezi kulala chali. Msimu wa mvua ndio wakati wake.

Kinga ya uhakika ni pasi. Piga pasi ya moto pande zote mbili za nepi, hasa kwenye pindo na mishono ambako mayai hujificha. Pasi ya mkaa itumie nje au mlangoni penye hewa, usijifungie nayo ndani, kwa sababu moshi wa mkaa usioonekana unaua. Kama huna pasi, azima kwa jirani. Nyumba tano zinaweza kuchangia pasi moja na mkaa mmoja. Ikishindikana kabisa, anika kwenye jua kali tu, anua siku ile ile kabla jua halijatua, na usiache nguo kwenye kamba usiku.

Ukiona jipu lenye tundu kwenye makalio au mgongo wa mtoto, usilikamue kwa nguvu. Funza akipasukia ndani, jipu litavimba na kutunga usaha. Paka mafuta ya mgando mazito juu ya tundu ili akose hewa, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya atolewe.

Mvua zikianza, Novemba hadi Aprili, jua ni la kuvizia. Funga kamba ndani ya nyumba, mahali hewa inapopita, na umalizie ukavu kwa pasi. Usitundike nepi juu ya moto wa kupikia. Zinanuka moshi, na nyumba zetu zimebanana: moto mmoja unatosha kuunguza mstari mzima.

Usihifadhi nepi na naftalini

Wengi wetu tuna mazoea ya kuweka vidonge vyeupe vya naftalini kwenye sanduku la nguo ili kuzuia nondo na mende. Kwa nguo za mtoto mchanga, vidonge hivyo ni hatari. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kitu kwenye damu kiitwacho G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zenye malaria kama zetu. Mtoto wa aina hiyo akivaa au kufunikwa nguo zilizolala na naftalini, chembe zake nyekundu za damu zinapasuka. Anapungukiwa damu, macho na ngozi vinakuwa vya manjano, na manjano hiyo ikizidi inaharibu ubongo au kuua. Huwezi kujua kwa macho kama mtoto wako anao upungufu huo.

Kwa hiyo, nepi na nguo za mtoto zihifadhi kwenye mfuko safi au ndoo kavu yenye mfuniko, bila naftalini. Kama umepewa nguo za mtoto zenye harufu hiyo, usimvalishe. Zifue na kuzianika juani tena na tena hadi harufu iishe kabisa.

Mtoto akiharisha

Siku hizo fua nepi zake peke yake. Baada ya kuzifua na sabuni, zichemshe dakika 10 kwenye chungu au debe lisilopikiwa chakula. Hapa ndipo kuni zako zinapaswa kutumika. Kama kuna kipindupindu kambini, mwulize mhudumu wa afya wa eneo lako kuhusu klorini, na ufuate kipimo atakachokupa. Usikisie kipimo mwenyewe, usichanganye klorini na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, na suuza nepi vizuri baadaye. Klorini kali huunguza ngozi na kula kitambaa.

Upele wa nepi

Ngozi ya mtoto ikiwa nyekundu mahali nepi inapogusa, dawa ya kwanza ni ukavu. Mbadilishe kila baada ya saa mbili au tatu mchana, na mara moja akishajisaidia haja kubwa. Mwoshe kwa maji safi, ukimfuta mtoto wa kike kutoka mbele kwenda nyuma. Mkaushe taratibu bila kusugua. Mwache bila nepi kwa muda kila siku, alale juu ya kitambaa kivulini. Kisha paka mafuta ya mgando kidogo kabla ya kumfunga tena.

Usipake poda, maana mtoto huivuta puani na kifuani. Usipake dawa ya meno, wala zile krimu za sokoni wanazotumia watu wazima usoni. Nyingine zina dawa kali zinazokonda ngozi ya mtoto. Mlete kituoni kama upele haujapungua kwa siku tatu, kama umeingia kwenye mikunjo na una vipele vidogo vidogo pembeni (hiyo huenda ni fangasi), kama kuna usaha au malengelenge, au kama mtoto ana homa.

Soma nepi kabla ya kuifua

Mama anayefua nepi anajua afya ya mtoto kabla ya daktari. Jizoeze kuangalia mambo haya:

– Mkojo. Kuanzia siku ya sita hivi, mtoto anayeshiba maziwa hulowanisha nepi sita au zaidi kwa siku moja, usiku na mchana. Zikiwa chache, huenda hanyonyi vya kutosha. Mlete tumwangalie anavyonyonya.

– Choo cha kwanza. Mtoto asipopata choo kabisa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, toa taarifa.

– Choo cha manjano, laini, chenye chembe kama mbegu. Hicho ni cha kawaida kwa anayenyonya maziwa ya mama peke yake. Si kuhara.

– Choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Mlete haraka, hasa kama macho ni ya manjano. Kinaweza kuonyesha kwamba nyongo imeziba, na tatizo hilo halipaswi kusubiri hadi mtoto afikishe miezi miwili.

– Choo chenye damu. Mlete siku hiyo hiyo.

– Choo cha majimaji mara nyingi. Endelea kunyonyesha, tena zaidi. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti kama ulivyoelekezwa na njoo uchukue zinki, ambayo hutumiwa siku 10 hadi 14. Nepi ikikaa kavu saa sita au zaidi, macho yakibonyea, au mtoto akilegea na kushindwa kunyonya, usingoje asubuhi.

Maswali tunayoulizwa

Je, naweza kufua na kuanika nepi za kutupa zilizonunuliwa dukani? Hapana. Ndani yake kuna chembe zinazovimba kwa maji. Ukifua zinapasuka na kutoka, na hazikauki vizuri. Pia usizitupe chooni, kwani haziozi na shimo hujaa mapema. Toa kinyesi, ifunge, iweke penye taka za kukusanywa, mbali na mbwa na watoto.

Na mbeleko je? Mbeleko inapata mkojo kila siku. Ifue kama nepi, uipige pasi kama nepi. Ni ya mgongo wako pia.

Mume wangu anasema hii ni kazi ya wanawake. Mwambie asome ukurasa huu. Mama aliyejifungua juzi hapaswi kubeba dumu la lita 20. Na binti wa miaka kumi anayechelewa shule kila siku kwa sababu ya nepi za mdogo wake anapoteza kitu ambacho hatakipata tena. Baba anaweza kuteka maji, anaweza kuwasha pasi, anaweza kufua. Mtoto ni wenu wote.

Kumbuka

Kinyesi chooni. Ndoo kavu yenye mfuniko. Maji ya baridi kwanza, sabuni baadaye, suuza mara mbili. Maji machafu mbali na kisima. Kamba ya juani, pasi pande mbili. Hakuna naftalini. Mikono na sabuni.

Ukiwa na swali, mwone mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba katika eneo lako, au uliza siku ya kupima uzito wa watoto. Hakuna swali la aibu. Ukishamaliza kusoma, mpe jirani ukurasa huu, hasa yule anayetarajia kujifungua. Kinga ni bora kuliko tiba.